Mpishi wa Pilau na Mgongo Asiouona

Kisa hiki nimeletewa kwenye simu asubuhi, nami sikuweza kukila peke yangu. Kisome mpaka mwisho, kisha usikilalie. Kuna mtu unamjua, kila akiinuka kitini hushika kiuno na kumtaja Mola wake. Mpelekee huyo.

Huko Unyamwezi, katika mji mmoja wa relini, aliishi mpishi wa shughuli aitwaye Mfaume. Kwa miaka thelathini mji mzima ulioa na kuolewa kwa mkono wake. Harusi ambayo hakupika yeye, watu walikula kwa adabu tu, kisha wakarudi makwao kuteleka ugali.

Mzee Mfaume alikuwa na mila yake moja, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Akipika, alizungushia turubai la buluu pande zote nne. Wasaidizi walimletea kuni, maji na nyama mpaka penye pindo la turubai, wakaweka chini, wakageuka. Mchele ukishatiwa, hakuingia kiumbe. Hata mkewe, Siwema, aliyemzalia watoto watano, hakuwahi kumwona mumewe akigeuza pilau.

"Pilau ina haya," Mfaume alikuwa akisema. "Macho yakizidi, haikai sawa."

Watu walimcheka kidogo, lakini nani agombane na mtu anayepika vile? Wakamwacha na turubai lake.

Sasa mpishi huyu akaanza kuumwa mgongo. Ulianza kidogokidogo pale chini kiunoni, kama mgeni aliyepita kuomba maji. Mwaka wa tatu ulikuwa umeshapanga chumba. Alipaka mafuta ya karafuu, akachuliwa, akafunga mkanda, akameza vidonge vya kila rangi. Kila aliyekutana naye alimpa ushauri uleule: "Jikaze, mzee. Usiiname ovyo." Basi akajikaza. Alijikaza akilala, alijikaza akitembea, alijikaza hata akicheka, na kwa hiyo akapunguza kucheka.

Shughuli nazo akaanza kuzikataa. Zikachukuliwa na mpishi mwingine, Shomari, mwenye mkono mzuri lakini mwenye haraka kama anayefukuzwa.

Ndipo ikaja posa ya Mwasiti, kitinda mimba wake. Posa ikapokelewa, harusi ikapangwa Mfungo Mosi, baada ya Idi. Sufuria nne, masinia arobaini. Na kwa desturi ya mji ule, mpishi aliyepika ndiye anayepakua. Huchota pilau katika sufuria iliyo chini, akaipanga kwenye sinia lililo juu ya mkeka, na mkono wa mtu mwingine hauingii. Hesabu mwenyewe ni kuinama mara ngapi.

Siku posa ilipopokelewa, Mwasiti alimfuata baba yake uani.

"Baba, watoto wa watu wote umewapikia. Mimi atanipikia nani?"

Mfaume aliinuka, mkono kiunoni. Akaingia chumbani, akageukia ukutani, akalia. Maneno yale yalimuuma kuliko mgongo wenyewe.

Kesho yake Siwema alimshika mkono, akampeleka hospitali. Daktari akampima kwa makini, akasema hakuna jambo la kutisha, akamwelekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Huko ukutani palikuwa na kioo kirefu kuliko mlango, na mtaalamu mmoja, binti mchangamfu aitwaye Nyamizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mzee si mimi, mzee ni huu mgongo."

Nyamizi akacheka, akamwekea ndoo yenye mchanga kidogo. "Haya, iinue kama unavyoinua sufuria ya shughuli. Nikupige picha ya video kwa simu yangu, unaniruhusu?"

"Piga."

Mfaume akainama, akainua, akaweka.

"Umeinamaje, mzee?"

"Vizuri kabisa. Magoti nimekunja, mabega nimeyalegeza, uzito uko miguu yote miwili. Nimeinama kama kijana."

Nyamizi hakubisha. Alimgeuzia simu tu. "Basi mtazame huyu."

Mfaume akatazama. Aliona mtu kwa nyuma, miguu imenyooka kama viguzo, kiuno kimekatika ghafla katikati, mwili wote umelalia kushoto. Mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Pumzi alikuwa ameifungia ndani, mishipa ya shingo imesimama.

"Masikini," alisema kwa huruma ya kweli. "Huyu naye anaumwa, tena kunishinda. Ni nani?"

Siwema alicheka hadi akakaa juu ya kitanda cha wagonjwa. "Baba Mwasiti! Hata shati lako hulijui?"

"Shati nalifahamu. Lakini huyu ana upara nyuma, na mimi sina."

Mfaume akapeleka mkono kisogoni, taratibu, akapapasa. Nyamizi akageukia dirishani ghafla kama aliyeitwa.

"Nyani haoni kundule," Siwema akasema, akaziba mdomo kwa mtandio.

Mzee wa watu alitahayari. Lakini Nyamizi aliporudi kutoka dirishani, hakumcheka.

"Mzee, hukusema uongo," alimwambia. "Ulivyohisi ndivyo ulivyosema. Maumivu yakikaa muda mrefu, mwili hujikaza kujilinda. Ukishazoea kujikaza, hujui tena kama umejikaza. Kiuno chako kinakuletea habari za zamani. Itabidi tukutafutie habari za leo kutoka nje."

"Nje wapi?"

"Kwenye kioo. Kwenye ngozi. Kwenye macho ya mtu mwingine."

Akamsimamisha wima, akambandika plasta mbili ndefu mgongoni, moja kila upande wa uti, kutoka juu ya kiuno mpaka chini yake. "Ukiinama kwa kukunja kiuno peke yake, plasta zitakuvuta. Ukiinama kwa nyonga, zitanyamaza."

"Kwa nyonga ndiyo kufanyaje?"

Nyamizi akafikiri. "Umewahi kubeba sinia kwa mikono miwili, ukataka kufunga mlango nyuma yako?"

"Kila siku."

"Unaufunga kwa nini?"

Mfaume akamtazama mkewe, akaona aibu kidogo. "Kwa makalio."

"Basi funga mlango, mzee. Pumua nje, funga mlango."

Akafunga mlango usiokuwepo. Makalio yakaenda nyuma, magoti yakalegea, plasta hazikumvuta. Lakini yeye akalalamika. "Binti, hapa nimepinda! Nahisi kabisa nimeenda upande."

"Tazama kioo."

Kioo kilimwonyesha mtu aliyenyooka. Mfaume akakitazama kwa shaka, kama muuzaji anayeangalia noti mpya. Alipohisi amepinda, alikuwa sawa. Alipohisi yuko sawa, alikuwa amepinda. Miaka mitatu alikuwa akimsikiliza shahidi mbaya.

Akafanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na akafanya vizuri. Kisha akaenda kupika chakula cha hitima moja ndogo nyuma ya turubai lake, na akarudi nyumbani, akalala kifudifudi siku mbili.

"Mbele ya kioo unajua," Nyamizi alimwambia alipomwona tena. "Mbele ya sufuria unasahau. Nani anakuona ukipika?"

"Hakuna."

"Basi mama akae nawe ndani ya turubai, akutazame, akuambie."

"Hapo hapana, binti. Haijawahi kutokea tangu kwa baba yangu."

"Mila yako siiwezi, mzee. Lakini nisikufiche, kwa kujifungia hivyo harusi utaishia sinia la tano."

Mfaume aliondoka amenuna. Siwema naye alimwacha, maana alimjua: huyu ukimsukuma anakaa.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kila mwaka Mfaume alipikia futari ya msikitini, watu mia mbili, na mwaka ule aliapa hataacha. Na kwa kuwa alikuwa amefunga, alifanya kama wafanyavyo wapishi wengi waangalifu, hakuthubutu kuonja. Alimwomba mama mkwe wake, Bi Tausi, ajuza ambaye kwa sukari yake daktari alimkataza kufunga. Bi Tausi aliwekewa kiti nje ya turubai. Alasiri ikifika, mkono wa Mfaume ulitokeza penye pindo na kijiko cha mchuzi.

"Mama, nionjee chumvi."

Bi Tausi alionja, akafumba macho. "Bado."

Mkono ukaingia, ukatoka tena.

"Bado kidogo."

Mkono ukaingia, ukatoka.

"Hapo! Usiguse tena."

Siku ya nne, Siwema alikuwa karibu akichambua tende. Alisikiliza mashauri yale ya chumvi mpaka yakaisha, kisha akasogea penye turubai.

"Baba Mwasiti."

"Naam."

"Watu mia mbili watafuturu kwa ulimi wa mama yangu."

"Ndiyo. Mimi nimefunga."

"Akikwambia chumvi bado, unabishana naye?"

"Nibishane vipi na mimi sijaonja?"

"Na mgongo wako je, umewahi kuuona?"

Ndani ya turubai mwiko ulikuwa ukigonga sufuria. Ukanyamaza.

"Chumvi ya watu umemwamini mwenzio," Siwema aliendelea, na sauti ikaanza kumtetemeka. "Mgongo unaokutoa machozi umekataa. Mtoto wako anataka kula pilau ya baba yake. Mimi nataka kukuona ukicheka tena. Mficha maradhi kifo humuumbua, mume wangu, na wewe hufichi maradhi tu, unajificha hata mimi nisikuone."

Bi Tausi, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema kwa sauti, "Mkweli mwanangu!" akaendelea kulamba kijiko.

Pindo la turubai likainuka.

"Ingia," Mfaume alisema. "Lakini usitazame sufuria."

"Sufuria ya nini? Harufu yake nimelala nayo miaka thelathini. Nimekuja kutazama mgongo."

Kuanzia siku ile Siwema alikaa juu ya kibao nyuma ya mumewe, kijiko mkono mmoja, mfuniko mkono wa pili. Mfaume akijikaza, kijiko kiligonga mfuniko: nga! Akilalia kushoto: nga! Akibana pumzi: nga! nga! Siku ya kwanza nje walidhani kumeanza ngoma, tena mchana wa Ramadhani, na jirani mmoja akaja kuuliza kwa heshima kama kuna kheri.

"Mama Mwasiti, unanichezesha unyago?" Mfaume alifoka.

"Funga mlango, mume wangu."

Nyamizi alipopewa habari alifurahi mno, akawapa sharti moja. "Mama, usimwambie kila mara. Kabla hujagonga, mwache yeye aseme kwanza. Na kila siku zikienda, zidi kupunguza kugonga. Tunataka macho yako yahamie kwake, siyo akutegemee wewe maisha."

Ikawa hivyo. Mfaume huinama, akainuka, akasema mwenyewe, "Hapo bega la kushoto limepanda." Siwema huitika, "Limepanda kweli," au husema, "La, bega liko sawa, pumzi ndiyo uliyoibana." Kumi la kwanza alikosea karibu kila mara. Kumi la pili alipatia nusu. Kumi la mwisho Siwema alikuwa akikaa na mfuniko mapajani mpaka usingizi unamchukua. Maumivu hayakuhama yote, tusidanganyane. Kuna siku yalipiga hodi. Lakini Mfaume alianza tena kucheka mezani, na mara moja Siwema alimfumania akipiga mluzi.

Idi ikapita. Harusi ikafika.

Tangu alfajiri turubai la buluu lilikuwa limesimama uani, Mfaume na Siwema ndani yake. Pilau ikaiva, makaa yakapaliwa juu ya mifuniko. Kilichobaki ni kupakua. Hapo ndipo akina mama wa shughuli walipovamia penye pindo.

"Mama wa biharusi yuko wapi? Wageni wa upande wa bwana wamefika, yeye yumo humu na masizi! Toka, shoga, toka!"

Wakamvuta kwa vigelegele. Siwema aligeuka kumtazama mumewe kwa wasiwasi, mara hayupo.

Mfaume akabaki peke yake na sufuria nne. Akapakua sinia la kwanza. La pili. La tatu. Kwa jinsi alivyohisi, alikuwa sawa. Lakini shahidi yule aliwahi kumdanganya miaka mitatu, na leo haikuwa siku ya kubahatisha. Kwenye sinia la nne kiuno kikanguruma upande wa kushoto. Akasimama, jasho likamtiririka.

Nje Shomari alikuwa tayari ameshakunja mikono ya kanzu. "Mzee, nipokee? Si aibu."

Hakuwa na ubaya Shomari, nia yake ilikuwa njema. Lakini Mfaume alimfikiria Mwasiti, amekaa ndani na hina mikononi, akingoja pilau ya baba yake. Akachukua kisu cha nyama, akaenda penye kamba, akaikata. Akakata ya pili. Turubai la buluu likaporomoka lote chini.

Ua mzima ukageuka kutazama. Miaka thelathini watu walikuwa wakijiuliza mle ndani kuna nini. Kumbe kulikuwa na moshi, sufuria nne, na mzee mmoja mwenye fulana iliyolowa na plasta mbili zinazochungulia kiunoni.

"Nyinyi hodari wa kutazama watu," Mfaume alisema kwa sauti kubwa. "Leo nimewapa ruhusa. Tazameni mgongo wangu. Nikijikaza, semeni. Nikibana pumzi, semeni. Nikilalia kushoto, semeni. Ila mtu wa kunishikia mwiko simtaki. Mtoto ni wangu."

Kwanza walitazamana. Kisha mama mmoja wa jikoni akapaza sauti, "Bega la kushoto hilo, mzee!"

"Ahsante!"

"Pumua!"

"Napumua!"

"Amelegea sasa, mashallah, amelegea!"

Ikawa raha tupu. Wale akina mama wakaunga wimbo papo hapo, wa kuinama na wa kuinuka, na Mfaume akapakua kwa mapigo yake. Shomari aliachiwa kazi ya kusogeza masinia, naye ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote. Mpaka sinia la kumi na tano walikuwa wakimsahihisha kila dakika. La ishirini na tano, mara mojamoja. Baada ya hapo hakuna aliyepata la kumkosoa, wakabaki kuimba tu na kupiga vigelegele. Sinia la arobaini lilipojaa, Mfaume aliinua mwiko juu na ua ukalipuka kwa shangwe. Na pilau ile, iliyotazamwa na macho ya mji mzima, haikuona haya hata kidogo. Ilikaa punje mojamoja.

Jioni gari la bwana harusi likaja. Mwasiti akatoka kuaga. Kama ilivyo desturi, alipiga magoti mbele ya baba yake na kuinamisha kichwa, maana biharusi huko hainuki mpaka baba amshike mikono na kumwinua mwenyewe. Kilio na vigelegele vikachanganyika. Mtandio wa dhahabu ukang'aa, simu zote zikainuliwa juu kumpiga picha.

Mfaume akainama. Akamshika mwanawe mikono yote miwili, akamwombea dua sikioni, akamwinua mpaka akasimama wima mbele yake.

Ndipo alipozinduka. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kumtafuta aliyemwongoza. Hakumwona. Siwema alikuwa akilia na uso ameuficha kwenye bega la Bi Tausi. Wengine wote, mamia ya watu, walikuwa wakimtazama biharusi. Mgongo wake hakuna aliyeutazama, na ulikuwa umeinama na kuinuka wenyewe, mwepesi.

"Baba, mbona unacheka?" Mwasiti aliuliza, machozi yakimtoka.

"Kwa furaha, mama," alisema Mfaume. "Nenda, mwanangu. Nenda na amani."

Funzo: Hakuna auonaye mgongo wake mwenyewe, waruhusu wanaokupenda wakutazame na wakuambie ukweli, ukajifunze kwa macho yao, mpaka siku utakapoinama sawasawa hata kama hakuna anayekutazama.